Kumpa Bibi Mgongo

Nilikuwa na miaka miwili tu kazini, muuguzi mwenye mdomo kuliko ujuzi, siku daktari wa upasuaji aliponikabidhi kapu la ukindu na kuniambia kwamba kuanzia hapo mimi ndiye nitakayepima usemi wa wagonjwa. Sikujua kama usemi unapimwa. Homa inapimwa, damu inapimwa, mkojo unapimwa. Maneno nilidhani mtu anayo au hana.

Wagonjwa wenyewe walikuwa wachache, lakini ukimwona mmoja humsahau. Wengi walikuwa wazee wa vijijini, wanawake kwa wanaume, waliokaa na ugoro nyuma ya mdomo wa chini tangu ujana wao. Kidonda huanza hapo, kidogo tu. Mtu hukisugua kwa chumvi, huenda kwa mganga wa mizizi, hukificha kwa upande wa khanga, na akifika kwetu Tabora kidonda kimeshakula ufizi na kuushika ulimi. Tuliwapeleka Dar es Salaam kwa treni. Huko walikatwa kilichobidi kukatwa, na baada ya wiki kadhaa treni ile ile ilituletea watu wenye nusu ya taya na nusu ya ulimi, mdomo haufungi upande mmoja, mate yanachuruzika kifuani. Niliogopa kuwatazama. Mara ya kwanza nilipomlisha mmoja uji, nilitoka nikatapika nyuma ya tangi la maji, nikanawa uso, nikarudi wodini nikitabasamu. Sijivunii tabasamu lile.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache, aliyekuja kwetu mara moja moja na kuondoka kabla hatujamzoea. Kapu lake lilikuwa na vitu ishirini vya nyumbani: kijiko, ufunguo, kitunguu, mshumaa, kibiriti, kipande cha sabuni, jiwe, na vingine vya namna hiyo. Akanieleza kazi. Mgonjwa anakaa mezani na kapu. Anachomoa kitu chochote, anakitaja kwa sauti yake ya kawaida, kisha anakiweka mezani, kimoja baada ya kingine kwa mstari. Mimi nakaa mwisho wa chumba nikitazama ukuta, mgongo wangu kwake, naandika nilichosikia. Nisipoelewa, napiga mstari mtupu. Mwisho nageuka, tunalinganisha karatasi yangu na vitu vilivyopangwa mezani.

"Kwa nini nimpe mgongo?" nikamwuliza.

"Kwa sababu ukimtazama utasikia kwa macho. Ukiona kijiko mkononi mwake, atoe sauti yoyote, wewe utasikia kijiko."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa hodari sana wa kuitikia kwa kichwa.

Wa kwanza niliyempima alikuwa fundi baiskeli wa makamo, mtu wa utani, ambaye hata kwa nusu ya ulimi alijaribu kunitania. Nilikaa nikitazama ukuta kama nilivyoagizwa. Nilipogeuka, karatasi yangu ilikuwa na mistari mitupu kumi na minne. Alikuwa ameviweka vitu vyote mezani vizuri, kwa unadhifu, kama mwanamke anayepanga nyanya sokoni, naye akanitazama akisubiri nimwambie amefaulu. Nikamwambia ukweli. Akarudisha vitu kapuni kimoja kimoja, na tangu siku hiyo hakunitania tena. Nilimchukia daktari kwa jambo hilo, na kapu lake nikalichukia.

Nieleze na malezi yangu, maana bila hayo mtu hatanielewa. Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, mtaa wa hapa hapa Tabora. Baba alikuwa na cherehani barazani, na kila mzee aliyepita mtaani ilinipasa niache ninachofanya nikamwamkie, nipige goti, nimwulize habari za nyumbani, za shamba, za watoto, nisubiri majibu yote. Ukitoka mbele ya mkubwa hugeuki papo hapo; unarudi kinyumenyume hatua mbili tatu, ndipo unageuka. Siku moja, nikiwa mdogo, niligeuka tu nikakimbia. Mama alinikamata mkono akanifinya hadi nikaona nyota mchana. "Mgongo Mungu amekupa wa kubebea mtoto," akasema, "si wa kuwaonyesha wakubwa." Fundi baiskeli nilimpa mgongo kwa sababu alikuwa wa rika la kaka zangu wakubwa. Hata hivyo mkono wa mama nilihisi bado umenifinya.

Bibi alikuja mwaka ambao watu wa upande wa Bukene walikuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vipya, nyumba zikiwa bado hazijakauka udongo. Alirudi kutoka Dar es Salaam akiwa na kovu kutoka kwenye pembe ya mdomo hadi chini ya sikio. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa kaniki safi, na amefuatana na mjukuu wake wa kike, wa miaka sita labda, ambaye ndugu walikuwa wamemleta stesheni kumpokea. Mtoto alikuwa amejifunga khanga kiunoni kama mama mzima na alikuwa na maneno mengi kupita umri wake.

Nilipiga goti. "Shikamoo, bibi."

Bibi alitoa sauti. Mtoto akasema, "Marahaba. Anakuamkia na kwa Kinyamwezi, mwangaluka. Anauliza umeamkaje, mama hajambo?"

Nikajibu. Bibi akatoa sauti nyingine ndefu, na mtoto akasema, bila hata kumtazama, "Anasema anamshukuru Mungu, lakini njaa ya treni ni mbaya." Tukacheka wote watatu, bibi akijifunika mdomo kwa kiganja.

Kisha mtoto akasema jambo ambalo hakuna aliyemwuliza. "Bibi anasema ukiandika kwamba hasemi, watanichukua."

Habari yenyewe niliipata kwa yule mtoto, kwa vipande, bibi akitikisa kichwa pale aliporuka jambo. Mama yake alifariki siku ya kumzaa. Baba alikuwa ameoa kwingine. Bibi huyu, mzaa mama, ndiye aliyemlea kwa maziwa ya mbuzi na uji wa mtama. Sasa baba mdogo wa mtoto alikuwa amesema mbele ya katibu wa kijiji kwamba mtoto hawezi kulelewa na bubu: nani atamwita akiwa anaelekea kwenye moto, nani atamsemea akiugua? Katibu, ambaye alikuwa mtu wa karatasi, alisema basi hospitali iandike. Ikiandika kwamba bibi anasema, mtoto anabaki. Ikiandika kwamba hasemi, mtoto anakwenda kwa baba yake mdogo, mbali, kwa watu ambao hajapata kuwaona.

Nilimkalisha bibi mezani. Nikabeba kiti changu hadi mwisho wa chumba, nikakielekeza ukutani, nikasimama nyuma ya kiti. Bibi alikuwa ananitazama. Alikuwa amekaa wima, mikono miwili juu ya kapu, macho mekundu ya moshi wa miaka mingi, na alikuwa na umri wa bibi yangu mzaa baba, niliyemzika mwaka uliotangulia. Nikasema moyoni, daktari yuko Dar es Salaam. Yeye hakulelewa Ng'ambo. Nikakigeuza kiti, nikakaa namtazama, miguu nimeibana pamoja kama mtoto wa shule.

Akachomoa ufunguo. Akasema kitu. Nikaandika: ufunguo. Akachomoa kitunguu. Mtoto, aliyekuwa amekaa sakafuni karibu na mlango, akanong'ona "kitunguu" akichezea vidole vyake vya miguu. Nikaandika: kitunguu. Tukaenda hivyo hadi kapu likaisha. Vitatu nilivipigia mstari ili karatasi ionekane ya haki. Chini nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Anasema vizuri. Anaeleweka. Nikagonga mhuri.

Sitasingizia kwamba nilidanganya nikijua. Ningejua, ningekuwa na kitu cha kujitetea, maana watu hudanganya kwa huruma na Mungu hufumba jicho. Mimi niliamini. Nilimsikia kweli bibi akisema ufunguo, nilimsikia akisema sabuni, na nilirudi nyumbani jioni nikamweleza mama kwa furaha kwamba mzee mmoja amepona kabisa. Mama akasema, "Unaona sasa, adabu haikuangushi." Nikala nikashiba.

Miezi ikapita, mvua zikaja. Ndipo akaja mganga wa zahanati ya kile kijiji kuchukua dawa zake, kama ilivyokuwa desturi yao. Alikuwa kijana wa Tanga. Miaka ile serikali iliwapanga hivyo, wa pwani bara na wa bara pwani, ili tujuane, na ni kweli tulijuana. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, lakini Kinyamwezi hakuwa nacho hata neno la kuombea maji. Alinikuta chumba cha dawa nikihesabu chupa za kwinini. Akaniamkia vizuri, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua mbele yangu. Ilikuwa na mwandiko wangu.

"Dada, hii uliandika wewe?"

"Mimi."

Akakaa juu ya boksi. Akanisimulia taratibu, hakupandisha sauti hata kidogo, na nilitamani apige kelele.

Bibi alifika zahanati adhuhuri amembeba mjukuu mgongoni, peke yake, kwa miguu. Kijiji kizima kilikuwa kwenye shamba la ujamaa. Mtoto alikuwa amelegea, povu mdomoni, na mara akaanza kukakamaa na kutupa miguu. Msimu ulikuwa wa mbu, na degedege yule kijana alikuwa ameshaliona mara tatu wiki ile. Akamwandalia sindano ya klorokwini. Bibi akamshika mkono akaanza kusema. Akasema na kusema. Yule kijana hakuelewa hata neno moja.

"Nikamwuliza kadi ya mtoto," akaniambia. "Akanipa hii. Nikasoma kwamba anasema vizuri, anaeleweka. Sasa dada, mimi ni mgeni. Nikajua tatizo ni langu. Nikajua anasema Kinyamwezi safi na mimi ndiye nisiyesikia. Nikaona haya kumwambia bibi wa watu arudie rudie. Nikamwambia, ndiyo bibi, nimesikia, nimesikia."

Akamwacha na mtoto, akakimbia hadi shambani kutafuta mkalimani. Alirudi na mama mmoja wa kijiji wakitweta. Yule mama akainama, akamsikiliza bibi, akainuka akasema hata yeye haelewi, huwa ni mtoto anayemsemea.

"Alikuwa anafanya hivi," kijana akasema, akapeleka ngumi mdomoni na kuinua kidevu, kama mtu anayekunywa. "Tena na tena. Nikadhani mtoto ana kiu. Nikampa kikombe cha maji."

Nikamwuliza mtoto alikufa saa ngapi, kwa sababu sikujua kingine cha kuuliza.

"Kabla ya alasiri."

Nilimkasirikia kwanza yeye. Nilimwambia, kwa mdomo wangu huu, kwamba mganga asiyejua kuuliza hafai hata kuganga kuku. Aliikunja karatasi mara nne kama ilivyokuwa, akaiweka mezani pangu, akachukua katoni yake ya dawa akaenda kungoja treni ya Mwanza. Kisha nilimkasirikia katibu na karatasi zake, na yule baba mdogo, na daktari ambaye angeweza kuja na mtu wake wa kupima badala ya kuniachia mimi kapu. Hasira ilizunguka kote ikakosa pa kutua. Ilipochoka ikarudi nyumbani.

Mtoto alikuwa ndiye ulimi wa bibi yake, na mimi nilimwona kwa macho yangu akiwa hivyo. Nilimsikia akinong'ona pale mlangoni. Nilichukulia ni mchezo wa mtoto. Siku mtoto alipozimika, bibi alibaki hana wa kumsemea, na mfukoni alikuwa na karatasi yenye mhuri iliyosema hahitaji. Watu husema majuto ni mjukuu. Methali hiyo mimi siitumii, na ikitajwa barazani huondoka.

Miaka iliyofuata nilimpa mgongo kila aliyeletwa, mzee kwa kijana. Nilimwambia kwanza, "Baba, kwa kazi hii nitageuka, unisamehe." Mzee mmoja, mwalimu wa dini, alisimama akaondoka na hakurudi; alimwuliza muuguzi mkuu wasichana wa siku hizi wamefundishwa na nani. Nilikubali lawama. Nikaandika mistari mitupu mingi, wengine wakalia, nami nikajifunza kuwaambia jamaa zao waziwazi: huyu hamtamwelewa, msijifanye mnamwelewa, mwambieni arudie.

Lakini kabla ya hayo yote, kama mwezi baada ya yule kijana, bibi mwenyewe alikuja.

Nilimkuta asubuhi kwenye benchi la nje. Alikuwa amekonda, kaniki ile ile, na hakuwa na mtu. Nilipiga goti nikashindwa kuinuka. Machozi yalinitoka mbele ya wagonjwa wote wa benchi lile, na yeye ndiye aliyenishika bega akaniinua. Nilitegemea anitukane. Nilitaka anitukane. Akaniongoza yeye hadi chumbani, kana kwamba mgonjwa ni mimi, akakaa, akagonga meza kwa kidole karibu na kalamu yangu. Alitaka niandike.

Akasema. Sikuelewa.

Nikasikia ulimi wangu wenyewe unaanza kutamka, ndiyo bibi. Nikauuma. "Sijasikia, bibi," nikasema. "Rudia."

Akarudia. Sikuelewa. Nikamwambia tena sijasikia. Sijapata kumwambia mkubwa neno hilo mara nyingi namna ile, wala kwa uso mkavu namna ile. Kila mara alifuta mate kwa pindo, akavuta pumzi, akaanza upya, bila kukasirika. Nilimwomba aseme kipande kimoja kimoja. Nilimshika mkono, nikawa nataja nilichodhani, naye anabana vidole vyangu nikipatia na kuviachia nikikosea. Wagonjwa walipiga hodi mlangoni, sikuwaitikia. Jua lilihama kutoka dirishani.

Tulichopata ni hiki. Nyumba zilikuwa zimegawiwa dawa ya kupulizia wadudu wa pamba. Ya kwake alipimiwa katika chupa ya soda, kwa kuwa hakuwa na chombo. Aliiweka nyuma ya mtungi, akaenda kuchota maji. Aliporudi mtoto alikuwa amekaa chini, chupa mapajani. Hakuichukua kwenda nayo zahanati. Alimchukua mtoto tu. Harufu isingemsaidia yule kijana, kwa sababu msimu ule kila nguo ya kijiji ilinuka dawa ile ile. Jioni, baada ya maziko, aliitupa chupa chooni. Sasa watu walikuwa wameona ishara yake ya kunywa, wakasema wenyewe kilichobaki: kwamba alimnywesha mtoto, kwamba amemla kichawi ili asichukuliwe. Macho mekundu, uso uliokatwa, na hana mdomo wa kujitetea. Walikuwa wameacha kumwitikia salamu. Kwetu, bibi kizee akifika hapo, siku zake zinahesabika.

Niliandika yote, kurasa mbili. Niliandika pia kwamba karatasi ya kwanza ilikuwa na makosa na kwamba makosa yalikuwa ya mpimaji. Nikamsomea polepole, akasikiliza akitazama mdomo wangu. Sijui kama mtoto angepona kama yule kijana angeelewa. Dawa ile huua mbio, na zahanati ya kijijini haikuwa na kitu cha kuipinga. Nimewauliza madaktari wengi tangu wakati ule, na kila mmoja hunijibu kama mtu anayeogopa kunijibu.

Nilipogonga mhuri nikabakiwa na swali moja. Maneno yaliyotugharimu zaidi asubuhi ile yalikuwa matatu tu: dawa ya pamba.

"Bibi," nikasema, "na yule mganga ulimwambia hivi hivi?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mara ngapi?"

Akainua mikono miwili akakunjua vidole vyote kumi. Akavikunja. Akavikunjua tena. Akavikunja. Akavikunjua tena, akaiacha mikono imesimama hewani mbele ya uso wangu. Hilo nililielewa mara ya kwanza.